Ua Jeupe ni la Anayerudi Jioni

Mkazi wa Dar es Salaam anayefanya kazi Posta na kulala Goba huiona bustani yake kwa mwanga wa jua siku mbili tu kwa wiki. Siku tano zilizobaki hutoka alfajiri, watu wakielekea msikitini, na hurudi baada ya foleni kumla saa mbili nzima. Jua la Dar, mwaka mzima, huzama kabla ya saa moja; nusu saa baadaye giza limeshakamilika. Kwa hiyo yule aliyenunua bogenvilia nyekundu, akamlipa na fundi wa kuipandisha juu ya geti, amewapambia watu wanaoshinda nyumbani. Yeye mwenyewe akifika, anakuta kichaka cheusi.

Macho yake hayana kosa. Usiku unapoingia, jicho huacha kutegemea seli zinazotambua rangi, likahamia kwenye zile zinazohisi mwanga hafifu, na seli hizo haziioni nyekundu vizuri. Jan Purkinje, mwanasayansi wa Bohemia, aliliona jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19: maua mekundu yaliyokuwa yaking'aa mchana yalionekana karibu meusi kabla ya mapambazuko. Nyekundu ndiyo hutangulia kuzimika. Nyeupe, kwa kuwa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoiangukia, hubaki hadi mwisho. Umeme ukikatika mtaa mzima, mbalamwezi peke yake inatosha kuionyesha.

Ndiyo maana mtu anayetaka maua ya kutambaa ukutani au kwenye kichanja cha baraza aanze na swali ambalo wauza miche hawaulizi: wewe nyumbani upo saa ngapi? Kama jibu ni jioni, chagua meupe.

Wazo hili si geni. Mwandishi wa Uingereza Vita Sackville-West alianza kupanda bustani ya maua meupe na majani ya kijivu huko Sissinghurst, Kent, majira ya baridi ya 1949 kuingia 1950, akiwa na saa za magharibi akilini. Hadi leo katikati ya bustani hiyo pana waridi jeupe lililopanda juu ya kibanda cha chuma. Ila magharibi ya Kent mwezi Juni hujivuta taratibu, na mtu hupata muda wa kutembea akitazama. Yetu ni fupi mno. Mmea wetu lazima uwe pale pale unapokaa, na uendelee kusema nawe baada ya giza kuingia. Usiku, maua husema kwa harufu.

WEUPE NI HEWA

Chuma ua moja la asumini ulifinye kwa kidole gumba. Pale ulipofinya weupe hutoweka, ukabaki utando unaopitisha mwanga kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Maua mengi meupe hayana rangi nyeupe ndani yake. Yana vijinafasi vya hewa kati ya seli, navyo huutawanya mwanga kila upande, kama povu la sabuni linavyoonekana jeupe ilhali maji yake hayana rangi. Ukifinya, hewa hutoka, na weupe huenda nayo.

Kwa mtunza bustani, somo ni kwamba ua jeupe halina pa kufichia kovu. Mvua kubwa ikilipiga, mtoto akilishika, mdudu akilitoboa, doa la kahawia litaonekana kama chai kwenye kanzu ya Ijumaa. Vumbi ni adui mkubwa zaidi. Nyumba iliyo kando ya barabara isiyo na lami haifai kuvikwa maua meupe upande wa nje. Wiki mbili za kiangazi zinatosha kuyafanya ya rangi ya udongo. Upande wa barabara weka kitu kingine. Meupe yaingize ndani ya uzio, usawa wa kiti chako.

ASUMINI, MWENYEJI WA BARAZA

Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, hakuna ua jeupe lililoingia ndani ya nyumba kama asumini. Hufungwa pamoja na rehani na mkadi likawa kikuba, kikavaliwa kifuani au kwenye nywele. Hutungwa uzi likawa koja. Hutandazwa kitandani mwa maharusi. Wanaolijua hulichuma jioni lingali tumba, kwa sababu asumini hufumbuka usiku na harufu yake hutoka wakati huo. Tumba lililochumwa jioni litafumbukia kwenye nywele za mvaaji.

Asili ya mwasumini huu ni Kusini mwa Asia, ng'ambo ya bahari hii hii yetu. Wachina hutia maua yake kwenye majani ya chai yapate kunukia, na Ufilipino ililifanya ua la taifa mwaka 1934. Ziko aina zenye tabaka moja la petali, na ziko zilizojaa tabaka juu ya tabaka kama kiwaridi kidogo. Kwa harufu zote zinatosha. Kwa kutunga koja, ya tabaka moja ni nyepesi kuipitisha sindano.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: mwasumini haujui kupanda. Hauna vikono vya kushikia wala haujizongoi sawasawa kwenye waya. Ni kichaka chenye matawi marefu yanayotafuta pa kuegemea, hivyo mwenye nyumba ndiye wa kuyafunga kwa kamba laini, moja moja, mpaka yafike mita mbili au tatu. Ukishakubali kazi hiyo, umepata mmea wa maisha. Hutoa maua kwenye ncha za machipukizi mapya, kwa hiyo kila kundi la maua likiisha, pogoa. Anayeogopa kutumia mkasi atabaki na majani. Unataka jua la nusu siku au zaidi na udongo usiotuamisha maji. Wenye visima vya maji ya chumvi wawe waangalifu: kingo za majani zikianza kuungua, umwagilie maji ya mvua au ya bomba kabla haujakata tamaa.

Mwasumini huu haupaswi kuchanganywa na ndugu yake wa porini, ambaye kwa kweli ndiye mwenyeji halisi. Mwasumini mwitu huota vichakani Afrika Mashariki, una maua madogo meupe yenye harufu ya usiku, na vitunda vyeusi vinavyoliwa na ndege. Jina lake la kitaalamu ni *Jasminum fluminense*, yaani asumini ya Rio de Janeiro. Padri Vellozo, mtaalamu wa mimea wa Brazil, aliuelezea kutokana na mimea aliyoikuta kwao, pasipo kujua kwamba ulikuwa umevushwa bahari kutoka Afrika. Mmea wetu ukapewa uraia wa ng'ambo. Kwa bustani kubwa yenye uzio wa seng'enge na upungufu wa maji, huu huvumilia kuliko ule wa Asia. Lakini kule Florida ulikopelekwa umegeuka gugu la msituni, hivyo hata hapa usiuache bila mkasi.

Mwenye shamba na mti mkubwa wa kuutoa kafara anaweza kufikiria mbungo. Wengi wanaujua kwa juisi ya mabungo inayouzwa Unguja na Pemba. Wachache wamesimama chini yake ukiwa na maua, meupe yenye koo la njano, yanayonukia. Lakini mbungo ni mtambaazi mwenye shina la mti. Usiuweke kwenye ukuta wa tofali za inchi tano.

YANAYOFUMBUKA JUA LIKIZAMA

Yapo maua meupe yanayofumbuka machoni pako ukiwa umekaa na kikombe cha chai. La kwanza ni ua la mwezi, *Ipomoea alba*, ndugu wa kiazi kitamu aliyetoka Amerika ya kitropiki. Magharibi tumba lake refu lililosokotwa kama mwavuli hulegea, likatetemeka, na ndani ya dakika chache likawa sahani nyeupe ya upana wa kiganja. Asubuhi jua likipanda, limeshasinyaa. Watu wa kale wa Meksiko na Amerika ya Kati walichanganya maji ya mmea huu na utomvu wa mpira kutengeneza mipira ya kuchezea, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, muda mrefu kabla ya viwanda kugundua namna ya kuukomaza mpira.

Huoteshwa kwa mbegu, nazo ni ngumu kama kokoto. Zikwangue kidogo kwa msasa, ziloweke usiku kucha, kisha uzipande. Katika miezi michache mmea utakuwa umefunika kichanja. Mbegu hizo zisiachwe mikononi mwa watoto, kwa sababu zina sumu.

La pili wengi wanalo getini bila kujua jina lake. Mashada yake huning'inia, na kwenye shada moja kuna maua meupe, ya waridi na mekundu. Si aina tatu zilizochanganywa. Kila ua hufumbuka jioni likiwa jeupe, kesho yake likawa la waridi, keshokutwa jekundu. Usiku wa kwanza huwaita nondo, wale wadudu, si vyuma vya fundi wa zege. Siku zinazofuata huhudumia nyuki na ndege. Rumphius, mtaalamu wa mimea aliyeishi Ambon katika karne ya 17, aliuita *Quisqualis*, maneno ya Kilatini yenye maana ya “nani? wa namna gani?”, kwa kushangazwa na mmea usiotulia katika umbo moja. Kwa anayerudi jioni, huu ni mmea wenye tabia njema: jeupe lake jipya humngojea yeye. Hupenda joto la pwani na huvumilia udongo wa kila aina, ila vikonyo vya majani makuukuu hubaki kama miiba, hivyo vaa glavu unapoupogoa.

La tatu ni la mwenye kutaka faida. Pitaya, tunda linaloanza kuonekana sokoni Tanzania na Kenya, huzaliwa na mdungusi unaopanda nguzo kwa mizizi yake ya hewani. Ua lake jeupe, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, hudumu usiku mmoja tu. Baadhi ya aina hazijichavushi zenyewe, ikabidi mwenyewe utoke na tochi na brashi, uchukue chavua ya mmea mmoja upeleke kwa mwingine. Ni kazi ya saa tatu usiku, yaani saa ambayo mfanyakazi wa mjini yuko nyumbani.

KWA WALIO NYANDA ZA JUU

Lushoto, Arusha, Mbeya na Nairobi zina orodha yao. Asumini ya Kichina, *Jasminum polyanthum*, yenye matumba ya waridi yanayofumbuka meupe, inahitaji usiku wa baridi ili ifanye matumba. Ukiileta Dar itakupa majani tu, na utamlaumu bure aliyekuuzia. Waridi la Iceberg lililotolewa na familia ya Kordes ya Ujerumani mwaka 1958 lina aina yake ya kupanda, nalo hustawi kwenye ubaridi mkavu kuliko kwenye unyevu wa pwani, ambako ukungu huyala majani. Usilitegemee kwa harufu. Kazi yake ni kuonekana.

Misitu ya milimani nayo ina klematisi za asili, zenye maua madogo meupe kwa mamia. Hujishikilia kwa kukunja vikonyo vya majani, na maua yakishapita huacha mbegu zenye manyoya ya fedha, kiasi kwamba ukuta hupambwa mara mbili. Na aliye na pergola ya mbao nzito, si ya mabomba membamba, anaweza kuthubutu *Beaumontia* ya miguuni mwa milima ya Himalaya, yenye maua makubwa kama tarumbeta. Uzito wake umewahi kulaza vichanja vingi.

BOGENVILIA NYEUPE SI UA

Kama maji ni shida na muda wa kupogoa haupo, wengi hatimaye hurudi kwenye bogenvilia, nayo ina aina nyeupe. Ujue tu kwamba kile cheupe si ua. Ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kijibomba kidogo katikati yake. Ndiyo sababu weupe wake hudumu wiki nyingi wakati asumini haimalizi siku mbili. Ndiyo sababu pia karibu haunukii.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa katika msafara wa meli wa Louis-Antoine de Bougainville, Mfaransa aliyepewa heshima ya jina. Msaidizi wa Commerson alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kiume ili apande meli, ambaye baadaye alitambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kujulikana kuizunguka dunia. Hivyo bogenvilia iliyotoka kweli Rio ikabeba jina la Mfaransa, na asumini yetu ya vichakani ikabeba jina la Rio. Majina ya mimea yasikuongoze dukani.

Siri ya bogenvilia ni kuinyima. Maji mengi na samadi nyingi huifanya ichipue majani mabichi na miiba. Ikishashika mizizi, iache ikauke kidogo kati ya maji na maji, itajaa weupe.

ANGALIA LINAVYOPANDA

Makosa mengi hayatokani na ua bali na kitu lilichoegemezwa. Ua la mwezi hujizongoa, linataka waya au kamba wima lizunguke. Klematisi hushika kwa vikonyo, inataka kitu chembamba. Bogenvilia na waridi hukwama kwa miiba, zinataka kufungwa. Hakuna hata moja kati ya haya linaloweza kung'ang'ania lipu tupu. Kabla ya kupanda, gongelea misumari ya zege, pitisha waya wa mabati mlalo kila nusu mita, na uuache waya sentimita kumi kutoka ukutani ili hewa ipite na fundi rangi siku moja apate pa kupitisha brashi. Shimo liwe la nusu mita kila upande, lijae udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na lisigusane na msingi. Panda mwanzo wa masika au vuli, mvua ikufanyie kazi.

Usipandishe chochote kwenye nyaya za uzio wa umeme. Majani mabichi yakigusa nyaya hizo, kengele italia usiku kucha na jirani hatakusamehe.

Kuhusu jirani, nina deni langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua tunbergia nyeupe yenye maua makubwa, nikavutiwa na jinsi ilivyokuwa na haraka. Msimu wa pili ilikuwa imeziba bomba la paa langu. Wa tatu ilikuwa juu ya mwembe wa mzee wa upande wa pili, na siku aliyoniita alisema tu, “Mwanangu, ua lako limekuja kula embe.” Nilikata, ikaota. Nilichoma, ikaota. Mpaka nilipochimba nikakuta imejiwekea viazi chini ya ardhi. Queensland, Australia, mmea huu unapigwa vita kama gugu. Na hapa kwetu tunayo kumbukumbu ya Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kuleta mimea ya kila bara. Miti kama *Maesopsis eminii* iliyopandwa milimani humo baadaye ilijisambaza ndani ya msitu wa asili. Mmea hausomi hati ya kiwanja.

Mambo mengine matatu ya tahadhari. Mimea yenye utomvu mweupe, kama *Beaumontia* na stefanoti ya Madagaska inayopendwa kwenye mashada ya harusi, isipandwe mbuzi au mtoto anapofikia. Utomvu unaweza kuwasha na kudhuru. Wanaosema asumini huita nyoka wamekosea nusu tu: harufu haimwiti, ila kichaka kilichofunga hadi chini hufuga panya na mijusi, naye hufuata chakula. Safisha nusu mita ya chini ya shina, na mazungumzo yataisha. Mwisho, visahani chini ya vyungu ni nyumba ya mbu waenezao homa ya dengi, ambayo Dar iliionja vibaya mwaka 2014 na 2019. Vimwage kila baada ya siku chache.

NENDA KITALUNI JIONI

Tatizo lililobaki ni namna tunavyonunua. Tunakwenda kwa wauza miche Jumamosi saa tano asubuhi, jua la utosi, na tunachagua kilichochangamka saa hiyo. Ua la mwezi limelala. Asumini ya jana imedondoka. Mashada ya *Quisqualis* yamebaki na rangi za jana na juzi. Kinachong'aa ni bogenvilia nyekundu ndani ya kiriba, nayo ndiyo inayopakiwa kwenye buti.

Wiki ijayo pita kitaluni ukitoka kazini, saa kumi na mbili na nusu, kabla mwenyewe hajafunga turubai. Usiulize kwanza bei. Simama katikati ya viriba kwa dakika kumi, uone ni yapi bado unayaona na yapi unayanusa. Hayo ndiyo ya kupanda kando ya kiti chako.